Majani Yaliyokosa Udongo

Saa nane na robo mchana moshi ulichomoza bondeni, upande wa ziwani. Niliikumbuka saa hiyo juzi, nilipopanda tena mlima wetu wa Umatengo na kunusa majani makavu yakiungua kwenye shamba la mtu nisiyemjua.

Labda kwenu hamkulima kama sisi, kwa hiyo nikueleze. Mvua zikikaribia kuisha, bibi alifyeka majani, akayalaza kwa mistari inayokatana kama kuta za vyumba. Kisha alichimba udongo wa kila chumba na kuifukia mistari hiyo. Shimo lililobaki katikati ndilo tuliloliita ngolo. Majani yalioza chini, maharage yakaota juu. Bibi hakuchoma hata jani moja.

Mwaka ule mvua ilikatika tukiwa tumeshalaza majani. Jembe lilidunda juu ya udongo kama linagonga bati. Kila asubuhi mawingu yalipanda kutoka ziwani, yakafika ukingoni mwa mlima, yakageuka. Tulikula ugali wa muhogo, ambao bibi aliudharau maisha yake yote. Majani yakabaki wazi, yakakauka, mistari yake ikienda moja kwa moja hadi kwenye kahawa. Kahawa hiyo ndiyo iliyokuwa ada yangu ya shule.

“Mama, tuyachome alfajiri kungali na umande, tusimame tukilinda,” jirani yetu, mwanamke aliyeolewa kutoka Ngumbo, ufukweni, alimwambia bibi.

“Nyie wa ziwani mkiona kunguni mnachoma na godoro,” bibi alijibu. “Hicho ni chakula cha shamba. Mvua itakuja, tutafukia.”

“Haya, mama. Ikija nitachimba mimi, na mtoto mgongoni.”

Zamani, kabla ya kiangazi, wanachama wa ushirika wa kahawa walifyeka pamoja njia ya kuzuia moto kuzunguka mashamba; asiyefika hakupewa mbolea. Kisha biashara ikaachiwa huru. Wanunuzi binafsi wakafuata kahawa hadi mlangoni, ushirika ukafunga ghala, na mbolea ikawa ya mwenye fedha. Njia ile ikaota nyasi zilizompita mtu kimo.

Siku ya moshi ule, upepo wa mchana uliupandisha moto mlimani kutoka bondeni. Jirani alikuja mbio na tawi bichi. Tukapiga, yeye, bibi na mimi. Moto haukutawanyika ovyo. Ulifuata mistari ya bibi, ukakata kona pale alipokata yeye, mpaka kwenye mibuni. Bibi alishusha tawi lake.

“Nimeutandikia mkeka,” alisema.

Sikurudi shule. Ninachokijua leo nilijisomea mwenyewe, ukubwani. Mlimani sikuona ngolo hata moja juzi, wala watu wakifyeka pamoja; kila mmoja anachoma kwake na kutazama upepo peke yake.

Mibuni iliyoungua bibi aliiuza kwa mchoma matofali, iwe kuni. Kwa mibuni ya shamba zima alilipwa shilingi elfu mbili na mia tano.