Mifupa ya Aliyetoroka

Dobi wa hospitali alikuwa na mikono iliyochujuka kwa dawa za kufulia, na mume aliyepotea msimu wa mauaji, binti yao akiwa angali tumboni. Mume alikuwa wa watu waliosakwa. Dobi na kaka yake walikuwa wa watu waliosaka.

Kaka huyo, mwenye bucha mtaani, aliingia jikoni kwa dada yake kila Jumapili bila hodi, na wimbo wake ulikuwa mmoja: "Hakuna aliyeuawa. Walihama. Mumeo yuko ng'ambo ya mpaka, kanenepa, kaoa. Asiyekuwapo na lake halipo, mdogo wangu."

Binti alikulia katika maneno hayo. Alimchukia baba yake kwa bidii, kama mtu anayemwagilia mche. "Akirudi nitamfungia mlango usoni," alikuwa akisema. Mama alijua kwamba ndani ya chuki ile mtoto alikuwa amemhifadhi mtu hai. Alitaka binti aujue ukweli. Hakutaka ampoteze baba.

Kisha waliokuwa wakichimba msingi wa ghala wakakuta mifupa nyuma ya kiwanda cha matofali. Wakaja wataalamu, wakapiga hema. Utaratibu wao ulikuwa huu: ndugu husimama nje, aseme kwanza anachokijua kabla hajaona kitu, ili kesho asizuke mtu wa kudai kwamba alioneshwa akafundishwa.

"Mguu wa kushoto uliwahi kuvunjika," dobi akasema. "Walimtia chuma."

Akatoa picha ya eksirei aliyoibandika dirishani miaka yote badala ya kioo. Jua lilikuwa limeifubaza, lakini jina na tarehe vilisomeka pembeni.

Mtaalamu akaiinua mbele ya taa, mfupa kando yake. Chuma kilekile, skrubu moja imekaa upande. Fuvu lilikuwa na tundu kisogoni.

"Anayehama hapigwi risasi kisogoni, mikono imefungwa," akasema taratibu. Akamwonesha, yeye peke yake, nyuzi za kamba zilizoganda kwenye udongo.

Nyumbani dobi alimweleza binti habari za mguu, za risasi, za mikono. Kamba ilimshinda kuitamka.

Binti hakulia. "Mngeniachia yule aliyetoroka," akasema.

Jumapili mjomba akaja na maini yaliyofungwa kwenye gazeti. Alisikiliza yote huku akichokonoa meno.

"Vyuma vimejaa duniani. Mifupa haina kitambulisho."

"Picha ina jina lake, Mjomba."

"Picha hutengenezwa."

"Ilikuwa dirishani hapo tangu nikiwa mtoto. Wewe mwenyewe ulikuwa ukitutania, eti tumeanika mguu wa mzimu."

Mjomba akacheka. "Haya, basi alianguka shimoni."

"Huku amefungwa mikono kwa waya?"

"Waya!" Alikuwa mtu asiyevumilia jambo kukosewa. "Waya ungetoka wapi siku zile? Ilikuwa kamba."

Dobi akaacha kukata kitunguu. Binti akageuka, akamtazama mama yake usoni, na hapo akajua. Sauti yake ikawa ndogo, kama anayeulizia habari za msafiri.

"Alisema nini, Mjomba?"

Mjomba alikuwa mlangoni, akitafuta viatu kwa vidole vya miguu.

"Aliomba maji."

"Mkampa?"

"Tumpe nani? Hakuna aliyeuawa." Akavipata viatu, akavivaa. "Hayo maini yapikeni leoleo. Kesho yataharibika."