Kokwa Yenye Wino

Bwana Abdulhalim ni fundi wa kanzu mtaa wa Kibokoni, na darizi zake za kifuani zajulikana hata na watu wasiomjua. Lakini mimi namjua zaidi kwa Alhamisi zake. Kila Alhamisi baada ya alasiri huweka sindano chini, akatoa dele la kahawa, nasi watatu tukaketi barazani kwake: Jamaldin, karani wa forodhani, Kingi, Mgiriama afanyaye kazi bandarini Kilindini, na mimi Athmani, seremala niliyeishia darasa la nne.

Hatuendi kupiga soga. Mwenye nyumba hutoa swali moja, kisha kokwa za tende hupitishwa ndani ya kofia. Anayetoa ile iliyopakwa wino hutetea upande usiotetewa na wenziwe, aupende asiupende. Na hakuna anayejibu kabla ya kuyarudia maneno ya mwenziwe, mpaka yule aseme, "Ndivyo." Mwisho, kabla ya magharibi, kila mtu husema la moyoni mwake.

"Hapa twanoa tu," Abdulhalim hupenda kusema. "Hatukati."

Mimi ni mtu wa haya. Zamu yangu ya la moyoni ilipofika nilizoea kusema sina la kuongeza, nao wakaniachia.

Alhamisi moja ya mwaka 1946, karibu na Idi, aliuliza: "Mtu amekosewa na nduguye wa tumbo moja. Aende yeye kutafuta suluhu, au amngoje aliyekosa?"

Sote tulijua habari hiyo ni ya nani. Mdogo wake, Badawi, wa Tudor, alikuwa amemwoza bintiye bila kumtaka shauri kaka yake. Abdulhalim alizisikia habari za harusi kwa jirani. Ulikuwa mwaka wa tatu sasa: wakikutana msikitini salamu ilikuwapo, lakini hakuna aliyekanyaga nyumbani kwa mwenziwe. Na pale rafuni nyuma yetu palikuwa na kanzu mpya iliyokunjwa, pana kuliko ya mteja yeyote tuliyemjua. Badawi alikuwa mtu mnene.

Kofia ikapita. Kokwa yenye wino nikaitoa mimi.

"Leo bubu ataimba!" akacheka Kingi.

"Mpeni maji kwanza," akasema Jamaldin, "asije akatuangukia."

Wao walisema aende. Nami, sijui maneno yalitoka wapi, nikasema kwamba anayemwendea aliyemkosea humnyang'anya nafasi ya kutubu. Ukimfungulia mtu mlango kabla hajapiga hodi, hatajua kwamba alikuwa nje.

Abdulhalim aliyarudia polepole, neno kwa neno. "Ndivyo?"

"Ndivyo."

Jamaldin alijaribu kujibu mara mbili, akashindwa. "Wallahi, Athmani, leo umenifunga mdomo."

Nilikuwa na miaka arobaini na sita, na sikuwa nimepata kusifiwa kwa maneno hata siku moja. Zamu ya la moyoni ikafika. Jamaldin akasema aende. Kingi akasema, "Kwetu mkubwa ndiye aendaye, maana mdogo ana aibu." Moyo wangu nao ulisema aende, tena leo. Lakini sifa ilikuwa bado tamu, na haya ni haya.

"Sina la kuongeza," nikasema.

Abdulhalim alinitazama kidogo, kisha akakusanya kokwa zake.

Idi ikaja, ikapita. Kanzu haikutoka rafuni. Wiki tatu baadaye Badawi alishikwa na homa, siku ya nne akafa. Abdulhalim alifika Tudor kuosha maiti ya nduguye.

Hakunilaumu. Baada ya arobaini nilikwenda kwake peke yangu, nikamkuta akitunga uzi.

"Athmani, siku ile la moyoni mwako lilikuwa lipi?"

"Kwamba uende."

Uzi ulimtoka tunduni mwa sindano. Akaulowesha mdomoni, akaanza tena.

"Jamaldin na Kingi wasema kila wiki," akanijibu. "Wewe hukuwa ukisema kamwe. Nikadhani uliyosema siku ile ndiyo uliyoamini."

Alhamisi bado naenda, na zamu ya la moyoni sasa huianza mimi. Kanzu ile ingali pale pale, juu ya rafu niliyoipigilia misumari kwa mikono yangu.