Supu ya Makaroni Nyumbani kwa Mokua

Mokua ni jirani yangu hapa Itumbe. Mpaka wetu ni mstari wa michai tu. Ni mtu mpole, mbishi wa kimyakimya, na tangu mkewe Gladys afariki mwaka jana, yeye ndiye anayewapikia watoto. Huku kwetu hilo si jambo dogo. Mwanamume akionekana amechutama jikoni anasonga ugali, watu watauliza kama hana binti. Na Mokua binti anaye. Nyangate yuko gredi ya sita, halafu kuna mdogo wake Makori, ambaye ameanza shule juzi.

Basi Mokua hapiki ugali. Anapika supu ya makaroni. Alifundishwa na Hawo, mama mmoja mwenye duka Masimba, siku aliyompelekea ndizi akamlalamikia kwamba watoto wanalala kwa chai na mkate. Hawo alimpimia makaroni, akamwambia hiki ni chakula cha mtu mwenye haraka, na asisahau kuwapa watoto ndizi mbivu pembeni.

Wanakijiji walicheka, na mimi nilikuwa mstari wa mbele. Makaroni kwa chakula cha jioni, hapa penye mahindi! Sisi tunajijua. Unaweza kumlisha Mkisii viazi, ndizi na nusu ya kuku, halafu akageuka kukuuliza chakula kitaiva saa ngapi. Ugali usipopita kooni, hakujalika.

Shida ilianza kwenye simu. Orpah, dada mkubwa wa marehemu, alipiga kutoka Sironga, akamuuliza Makori walikula ugali na mboga gani. Mtoto akasema ugali hakuna. Na jana? Hakuna. Na juzi? Baba anapika supu. Orpah hakuuliza zaidi. Kwake, nyumba isiyosonga ugali ni nyumba yenye njaa, na watoto wa dada yake walikuwa wanakufa njaa mikononi mwa mwanamume.

Ijumaa akafika, amebeba unga wa kusaga na amekata shauri kuwachukua watoto wote wawili. Alipitia kwangu kwanza.

"Mama Bosire, twende uwe shahidi. Nataka mtu aone hali niliyowakuta nayo."

Nilitupa leso mabegani nikamfuata. Mambo kama hayo hayanipiti.

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Kwa Wasabato kama sisi, Ijumaa jioni ni mbio: lazima moto umalize kazi kabla jua halijatua. Tulimkuta Mokua jikoni na shati lake la kuchumia majani chai. Vitunguu vilikuwa vimeshaiva kwenye mafuta, nyanya zimeyeyuka. Akatia karoti na maharagwe aliyochemsha asubuhi, akamimina maji ya moto, na yalipotokota akamwaga makaroni. Makori alikuwa anamenya ndizi. Nyangate alikuwa ameketi mlangoni penye mwanga, daftari magotini, anafanya hesabu. Nazo pia zilitakiwa kuisha kabla ya Sabato.

Orpah alichungulia sufuria akafyonza.

"Shemeji, hii ndiyo unaita chakula? Mtoto ataamka nayo kweli?" Akamgeukia msichana. "Nyangate, inuka. Chukua mwiko, unga huu hapa. Songa obokima haraka, jua linaenda."

Nyangate alifunga daftari papo hapo. Hakununa hata kidogo. Nilimwona anavyoinuka, mabega yameshuka kama ya mama wa watoto sita, na roho yangu ikaniuma.

"Keti," Mokua alisema.

Miaka yote ya ujirani sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Hata Makori aliacha ndizi.

"Shemeji, nisamehe," akasema, sasa polepole. "Unga sijakosa, uko ndani. Ila ugali kwetu una mwenyewe, nawe unajua. Nikipika mimi, shangazi za watoto wananipokonya mwiko wanampa huyu. Leo atasonga ugali, kesho atachota maji, kesho kutwa shule itakuwa kitu cha akipata nafasi. Lakini makaroni haina mwenyewe hapa Kisii. Hakuna mtu wa kuniambia ni kazi ya msichana. Kwa hiyo napika hii, naye anasoma."

Nilingoja Orpah alipuke, maana namjua, ulimi wake hauna breki. Hakulipuka. Aliketi kwenye kigoda, akaweka unga chini, akatazama moto.

Mokua akaonja chumvi, akakatia dania juu, akapakua. Orpah alipewa bakuli lake, ndizi pembeni. Akala kijiko kimoja, cha pili, akaendelea. Mimi niliongeza mara mbili. Nilisema ni kwa sababu ya adabu, lakini ilikuwa tamu.

Alipomaliza, Orpah alinyoosha mkono.

"Lete hilo daftari."

Nyangate akampa. Ulikuwa ukurasa wa hesabu za sehemu, nusu na robo na theluthi. Orpah aliutazama kwa muda mrefu, kidole kikifuata mistari, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Mama yetu alipokufa," alisema, "mimi ndiye nilikuwa msichana mkubwa. Gladys alikuwa bado anatambaa. Walinipa mwiko siku ya mazishi, na hakuna aliyeniuliza. Mwalimu alikuwa ameanza hizi. Sikuwahi kujua zinaishaje."

Mokua aliinamisha kichwa.

Orpah akajifuta uso kwa kiganja, akavuta kigoda hadi mlangoni kwenye mwanga uliobaki.

"Nionyeshe, mama," akamwambia Nyangate. "Anza na hii ya kwanza."