Tebo ya Saba Ndani ya Gunia

Kila msimu wa kuuza pamba, hapa Bariadi ninapoishi, harufu yake ya vumbi na mafuta kidogo ikinifikia tu, shingo huanza kuniwasha.

Nyumbani kwetu Ipililo, mtoto mwepesi kuliko wote ndiye aliyetiwa ndani ya gunia kushindilia pamba. Mwepesi nilikuwa mimi. Gunia lilining'inizwa kwenye boriti, nami ndani nakanyaga, huku dada yangu Kabula akinimwagia pamba kutoka juu. Sikuona kitu ila kiduara cha anga.

Jioni moja nilikuwa guniani, na kesho yake mwalimu angesikiliza tebo ya saba, ile ya kuzidisha. Ambaye angekwama angebaki darasani, wenzake wakienda kucheza netiboli shule ya jirani. Na mimi, jamani, nilikuwa nimeshajiota nikiwa mfungaji.

Kabula alikuwa amemaliza darasa la saba, akabaki nyumbani. Akasema hanitoi mpaka niimbe tebo yote bila kukwama. Kila nikifika saba mara nane, kimya. Pamba puani, jasho machoni. Nikalia. Nikamwambia nitamsemea kwa mayu, mama yetu.

"Msemee," alisema. "Ila kanyaga. Saba mara moja?"

Akawa anapiga gunia kwa kiganja, nami nakanyaga kwa mdundo ule, toka mwanzo, tena na tena, mpaka nikachoka hata kulia. Sijui tulirudia mara ngapi, hamsini na sita ikatoka yenyewe, kama chafya.

Asubuhi, mbele ya darasa, ulimi ukagoma palepale, saba mara nane. Miguu ikaanza kukanyaga. Wenzangu wakacheka.

"Minza, unacheza ngoma?" mwalimu akauliza.

"Hamsini na sita, mwalimu."

Nikaenda netiboli. Sikufunga hata goli moja, lakini nilitoka.

Siku hizi nashona nguo. Hesabu ya vitambaa huja kabla sijaitafuta, kichwa kikabaki huru kuota rangi, mikunjo, na duka langu mwenyewe. Kumbe kukariri hakukunifungia.

Na Kabula niliyemwona mkatili? Sikuwaza wakati ule kwamba kati yetu wawili, mwenye shule ya kwenda kesho yake nilikuwa mimi tu. Jioni ile aliponitoa guniani, akanikung'uta pamba kwenye nywele polepole, na mdomo wake ukaendelea peke yake: saba mara kumi na moja, saba mara kumi na mbili. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.