Damu Niliyomficha Daktari

Nakumbuka siku moja ya joto, mwanangu, nimesimama kwenye duka langu la khanga, Kariakoo, nikaona khanga zote nilizotundika zinaelea. Upepo haukuwepo. Kelele za machinga zikawa mbali, na mimi nikasikia raha ya ajabu, raha ya kutaka kulala palepale. Kumbe damu ilikuwa imeniishia mwilini.

Nilikuwa na miaka thelathini na nne, mtoto sijapata, na hilo ndilo lililonikaa rohoni. Tangu masika nilikuwa natokwa na damu isiyo ya mwezi, na tumbo linakua wiki hadi wiki. Nikawa navaa khanga nyeusi, mbilimbili, wateja wananisifu nimependeza. Upuuzi mtupu! Sisi wa kusini tulipochezwa unyago tuliapishwa: damu ya mwanamke haionwi wala haisemwi. Nami nilijiona mwanafunzi hodari. Hata daktari wa zahanati aliponiuliza kuhusu siku zangu, nilimjibu, "Ziko sawa tu." Akanipa vidonge vya kuongeza damu, nikaenda zangu.

Siku hiyo nilianguka. Jirani akamwita Bi Zuhura, somo wangu, yaani kungwi aliyenifunda unyagoni, ambaye sasa aliishi kwa bintiye, mtaa wa Mchafukoge. Nilimwamkia. Alifunua khanga yangu, akatazama.

"Tangu lini?"

"Masika, somo."

"Nilikufundisha kuwaficha wapita njia. Kumficha daktari nilikufundisha lini? Usinisingizie! Inuka, tunaenda hospitali."

Huko alinisemea kila kitu, nami nimeinamisha uso kwa aibu. Madaktari wakanipima, wakaona uvimbe kwenye kizazi. Wanawake wengi wanao, wala si saratani, lakini daktari hakupenda jinsi wangu ulivyokua haraka. Alichukua kinyama kidogo cha uvimbe huo, kikapelekwa maabara. Jibu likaja: saratani ya misuli ya kizazi, tena ya nadra. Kizazi kitolewe.

Nililia, mwanangu. Sikulilia uhai, nilimlilia mtoto ambaye nilishampa jina.

"Lia," somo akasema. "Ukimaliza, tia saini."

Katika usingizi wa sindano ya upasuaji nilimwona mtoto huyo, kakaa juu ya robota la khanga, ananichekea. Nikatamani nisiamke. Nilipofumbua macho yeye hakuwepo, mimi nilikuwepo.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ningewahi, kizazi kingebaki? Sikumuuliza daktari, na hata leo naogopa kuuliza. Ninachojua ni kwamba nimezeeka, na kila nikiitwa kupimwa naenda.

Basi nisikilize. Ukiona damu isiyo na mpango, au tumbo linakua bila sababu, sema. Mwambie daktari yote, hata ukitetemeka. Heshima ya unyago haivunjiki mbele ya anayekutibu. Nanyi vijana wa kiume msigeuze uso. Mkeo akikwambia, mshike mkono mwende wote.

Mungu akufungue kinywa mapema, akupe wa kukusikiliza, na azishushe mvi kichwani mwako taratibu. Amina.