Waya Juu ya Mikorosho ya Jirani

Jirani yetu kule Mtawanya, pembezoni mwa mji wa Mtwara, alikuwa na masikio ya ajabu. Aliweza kukaa barazani anakunywa chai, jenereta lake linanguruma nyuma ya nyumba, na mteja yeyote akichomeka pasi, yeye alijua. Jenereta lilibadilisha sauti, likawa kama mtu anayepandisha gunia begani. Hapo alinyanyuka akazima kila kitu, na sisi sote aliokuwa ametuvutia waya tukakaa gizani mpaka aliyechomeka ajitokeze kuomba radhi. Mara nyingi aliyechomeka alikuwa mama yangu. Kujitokeza alijitokeza, ila radhi hakuwa anaomba.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nguzo za umeme zikiishia mjini na sisi wa pembezoni tukiziona kwa mbali tu. Jirani alikuwa amestaafu kazi bandarini, akanunua jenereta na kuanza kuuza mwanga. Tulimlipa kila mwezi kwa taa mbili na redio. Aliwasha magharibi, akazima anapojisikia. Akisinzia yeye, tumesinzia wote. Na pasi ilikuwa marufuku.

Mama alikuwa nesi, mtu wa Njombe aliyeletwa Mtwara na kazi. Gauni lake lilikuwa jeupe, na gauni jeupe halipatani na pasi ya mkaa. Unaweza kupepea, ukafuta, ukapiga pasi juu ya kitambaa cha kinga, bado cheche moja itaruka na kukaa kifuani, pale pale mgonjwa anapoangalia. Mama alikuwa na magauni mawili yenye matundu madogo aliyoyatia viraka kwa uzi mweupe, na kila alipoyavaa alikuwa na hasira kabla hata hajafika wodini. Alichotaka ni kidogo sana: umeme ambao mtu mwingine hawezi kuuzima. Nilikuwa binti mdogo, lakini nililielewa hilo kuliko hesabu za shule.

Sasa mtu atauliza, huyo mzee alitushikaje kiasi hicho, kwa jenereta tu? Hapana, kulikuwa na mikorosho pia.

Kiwanja chetu alituuzia yeye. Mama alilipa, mashahidi wakashuhudia, mipaka ikaonyeshwa, watu wakanywa soda. Kumbe kwa watu wa huku ardhi ni kitu kimoja na miti ni kitu kingine. Unaweza kuuziwa kiwanja na mikorosho iliyosimama juu yake ikabaki ya mwenyewe, mpaka uinunue kwa maneno yake na mapatano yake. Njombe ukinunua shamba umenunua na kichaka. Mama hakuuliza, na hakuna aliyemwambia, maana nani angefikiria kwamba mtu mzima halijui jambo hilo? Alilijua msimu wa korosho ulipoanza, alipoamka akawakuta mke wa jirani na wanawe wanaokota uwanjani kwetu, wanamwamkia vizuri kabisa.

Mikorosho ilikuwa mitatu, mikubwa, mbele ya nyumba, kati yetu na barabara. Sisi watoto tuliruhusiwa kula mabibo, lile tunda lenyewe, lakini korosho yake tuliweka kwenye ungo wa jirani. Msimu wa salfa, dawa ya mikorosho, aliingia na mashine mgongoni bila hodi, akapuliza miti yake, na ule unga wa manjano ukatua kwenye nguo zetu kambani. Mama aliomba ainunue ile miti. Mzee alicheka, akasema mikorosho hiyo imemsomeshea watoto, haiuziki. Basi tukawa tunaishi kwenye ardhi yetu, chini ya miti yake, kwa taa zake. Mpaka leo nikikumbuka nachukia.

Katikati ya miaka ya elfu mbili ndipo ikaja habari ya gesi asilia ya Msimbati, huko huko Mtwara. Mitambo ya dizeli ya mjini ilikuwa imechoka, umeme unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Halafu wakaanza kufua umeme kwa gesi, taa za mjini zikatulia, na nguzo zikaanza kusogea kuelekea kwetu. Jirani akapata kazi mpya ya kuzunguka barazani akieleza watu kwamba umeme wa gesi ni mkali, unaunguza redio, na ukivuja unaua watu usingizini. Kuna walioamini. Mama alimuuliza mbele za watu kama dizeli yake ilikuwa inanukia udi. Walicheka, yeye hakucheka.

Mama akaomba kuunganishiwa. Mpimaji wa shirika la umeme alipokuja aliangalia nguzo iliyoko barabarani, akaangalia nyumba yetu, akatikisa kichwa. Waya unatakiwa uende moja kwa moja, alisema, na matawi yale yakatwe kwanza. Mama akaenda kumwomba jirani. Nilikwenda naye, ndiyo maana nilisikia kwa masikio yangu. Wazee wenzake walikuwa wamekaa pale barazani wakicheza bao.

"Ardhi yako, Sista, sina neno nayo," alisema bila kuinua macho. "Unataka waya upite juu ya nkorosho wangu? Nenda kaongee na nkorosho."

Baraza zima likaangua kicheko. Mama akasema "haya, mzee", tukarudi nyumbani. Nilidhani yameisha. Jioni ile ile, kabla jenereta halijawashwa, alipanda kwenye kiti, akaufungua waya wa jirani kutoka darini, akauzungusha vizuri kama kamba ya ndoo, akaenda kuuweka mlangoni kwake. Na balbu mbili juu.

Mimi nilikuwa kidato cha nne, mtihani unakuja. Nilimwambia wazi kwamba amefanya wazimu: umeme wa gesi hatuna, wa jenereta ameurudisha, nitasomea nini? Akanipa kandili na kiberiti.

"Siwezi kugombana na mtu huku nimekaa chini ya taa yake," alisema. "Wewe unaweza?"

Nilisoma kwa kandili masika yote, macho yanawasha, moshi umenijaa puani, na kila nilipolisikia jenereta la jirani likianza kunguruma nilimlaani yeye na nikamlaani kidogo na mama.

Mama yeye alikuwa anajenga. Kiwanja chetu kilikuwa na pembe moja, kule kando ya barabara, ambapo hapakuwa na mkorosho. Ilikuwa ndogo, mtu angesema haifai hata banda la kuku. Akaleta matofali ya saruji na bati, akainua chumba kimoja kwa kila alichobakiza. Watu walidhani anafungua duka. Wengine walidhani anajenga choo, wakamshauri asikiweke karibu na barabara. Alipomaliza, akamleta fundi umeme, kisha akamwita tena yule mpimaji. Kutoka kwenye nguzo hadi kwenye kile chumba hapakuwa na jani hata moja njiani. Mpimaji akacheka, akaandika.

Kutoka chumbani hadi kwenye nyumba ilibidi tuchimbe mtaro, bomba la waya lipite chini kwa chini likifuata mpaka wa kiwanja. Tulichimba wenyewe, mama akitoka zamu, mimi nikitoka shule. Jirani hakuweza kuvumilia. Alikuja na fimbo yake akasimama juu ya mtaro, akasema tuangalie tusikate mizizi, mizizi nayo ni ya kwake. Mama alikuwa ndani ya mtaro, udongo mpaka magotini. Alimjibu kwa heshima zote kwamba mzizi wowote utakaomsalimia atauelekeza kwake. Mzee akaondoka. Mizizi tuliikuta, nyembamba, na niseme ukweli, jembe halikuihurumia.

Siku waliyotuunganishia, mama hakuita mtu wala hakupika pilau. Alisubiri magharibi. Jenereta la jirani lilipowaka, alifungua mlango wa kile chumba cha barabarani, akatandika blanketi mezani, akachomeka pasi mpya. Jirani alikuwa barazani kwake. Nilimwona akitega sikio, mazoea ya miaka hayaishi kwa siku moja. Jenereta halikubadilisha sauti. Mama alipiga pasi gauni jeupe, akapiga sketi yangu ya shule, akapiga mashuka, mapazia, akamalizia na vitambaa vya kufutia vyombo. Mlango aliuacha wazi. Nilijawa na furaha mpaka nikashindwa kukaa.

Baada ya hapo wateja wa jenereta walipungua mmoja mmoja. Kila nguzo iliposogea, nyumba nyingine ilirudisha waya. Mwishoni akabaki anajiwashia mwenyewe, na dizeli haimjali mtu. Ndipo alipokuja kwetu, mchana, amevaa kofia safi. Aliomba avutiwe waya kutoka kwenye mita yetu, angelipa kila mwezi.

Mama alikataa. Mimi nilitegemea akubali, hata kwa ajili ya raha ya kumzimia siku moja tu, akiwa katikati ya taarifa ya habari. Nilimwambia hivyo baadaye, akaniangalia kama niliyetapika mezani. Yeye alimwambia mzee kwamba hataki kushika swichi ya mtu, achukue umeme wake kamili, nguzo ile pale.

Mzee akakohoa. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya yetu, na pale kwake hapakuwa na pembe ya barabarani ya kujengea chochote. Waya wake usingefika bila kupita juu ya kiwanja chetu, katikati kabisa ya ile mikorosho. Aliomba ruhusa kwa sauti ya chini, na mara hii hapakuwa na wazee wa bao.

"Ardhi yangu nimeruhusu, mzee, upite," mama alisema. "Mti ni wako. Kaongee nao."

Alikuja Jumamosi na panga na msumeno. Alikataa kusaidiwa, akapanda ngazi mwenyewe na umri wake ule, akakata tawi kubwa la mkorosho wa kati, ule uliokuwa ukizaa kuliko yote. Lilichukua muda. Mama alikaa kizingitini akichambua mchele, hakuingia ndani. Tawi lilipoanguka, vumbi likapanda na majani yakajaa uwanja mzima. Mzee akashuka, akajifuta jasho, akageuka kuelekea kwake.

"Mzee," mama akaita. "Umesahau tawi lako."

Akarudi. Akaliburuta lote, mpaka kwake, na sisi tukamtazama. Kisha akarudi tena, akainama, akaanza kuokota majani.