Saa ya Dhahabu Iliyomwotesha Mkwe Wangu Majani

Bwana Mhariri, nakuomba jina langu ulifiche, maana huku Geita najulikana kuliko king'ora cha mgodi. Ni mwanamume wa miaka thelathini na mbili, dereva wa lori. Vitani nilifika Burma, wali wa Bara Hindi nimeula, na Kizungu ninacho, cha kuamrisha na cha kutukana. Sasa mtu kama mimi kudanganywa na saa! Inaniuma!

Aliyenidanganya ni rafiki yangu wa damu, nimwite Kulwa. Kule Burma homa iliponiangusha, alinibeba mgongoni kuvuka mto uliojaa. Tuliporudi akaanza kuuza saa za dhahabu minadani, eti zimetoka Ulaya. Watu walizigombania. Tunachimba dhahabu, ndiyo, lakini tunayoijua ni ile ya kwenye mawe. Ikishasafishwa inafungiwa masandukuni, inaondoka, sura yake hatuioni. Nami nikanunua moja, nikampa baba wa mchumba wangu pamoja na ng'ombe wa mahari.

Mzee huyo ni kiongozi wa ngoma. Baada ya mavuno kundi lake likashindana na wapinzani wao, naye akacheza mkono ameuinua juu, watu waione saa. Jua kali, jasho likamtiririka. Kumbe saa ni shaba tupu! Mkono ukageuka kijani mpaka kwenye kiwiko. Wapinzani hawakungoja kesho, wakamtungia wimbo palepale: "Mzee ameota majani mkononi, leteni mbuzi wayale!" Sasa hata watoto wa machungani wanauimba.

Nilipokwenda kumwamkia, shikamoo yangu haikuitikiwa. Akasema, kilugha kikimtoka kwa hasira, "Bhebhe, wewe ndiye uliyenivalisha shaba? Mlete aliyekuuzia. Ngoma ijayo asimame uwanjani, aseme mbele ya wote kuwa ni yeye. Asipokuja, ng'ombe wako warudi kwenu."

Nikamfuata Kulwa. Akacheka! "Afande, nilikuuzia saa. Jasho sikukuuzia."

"Kulwa, nakosa mke!"

Hapo kicheko kikamkauka. Akanishika shati. "Ndugu yangu, nusu ya wachimbaji wamevaa saa zangu. Nikisimama pale sitoki mzima. Mimi sikukuacha mtoni."

Nikamweleza mchumba wangu, naye akanijibu bila kupepesa macho: "Basi kaoe mgongo wake."

Wasomaji, nimevuka bahari, lakini hapa akili imegota. Nikimtaja, watamuua mtu aliyenirudisha hai kwa mama yangu. Nikinyamaza, nampoteza binti ninayempenda, na tapeli nabaki kuwa mimi. Wenye hekima kunizidi, ingawa sidhani mko wengi, nipeni shauri, nishike lipi? Andikeni upesi. Jana nilipita na lori karibu na boma la mzee, nikaona ng'ombe wangu wameshatengwa peke yao kwenye kona ya zizi.